Ndugu Mhariri, bakteria wa TB anaishi humo humo ndani ya chembe nyeupe

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Morogoro. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nimefanya kazi ya maabara miaka 31 mpaka nikastaafu, na barua hii nimekaa nayo kichwani tangu mlipotoa ule ukurasa wa afya wenye kichwa cha kuongeza chembe nyeupe za damu, ule uliosema ukinywa juisi ya bitiruti na unga wa mlonge kila asubuhi askari wa mwili wanaongezeka na bakteria hana pa kupita. Sina ugomvi na mlonge, hata kwangu upo pale nyuma ya jiko, majani yake tunayapika na wajukuu wanakula. Ugomvi wangu ni hilo neno kwamba askari wakiwa wengi basi bakteria hana pa kupita, kwa sababu kuna bakteria, tena anayeua watu wengi sana duniani, ambaye njia yake ni kuingia humo humo ndani ya askari na kukaa. Na mdogo wangu wa tumbo moja nusura tumzike kwa sababu ya neno kama hilo.

Nianze na nilichokuwa nakiona kazini maana ukishakiona mara moja hukisahau. Zamani kabla hizi mashine hazijafika wilayani mtu akikohoa wiki mbili au zaidi tulimpa kikopo, anatoka nje penye hewa anakohoa, analeta makohozi. Unachukua kidogo kwa kijiti, unapaka kwenye kioo, kikikauka unakipitisha juu ya moto kishike, halafu unamwagia rangi nyekundu inaitwa kabol fuksini na unapasha joto kwa chini mpaka mvuke uanze kupanda, usiiache ichemke, unasubiri dakika tano. Kioo chote kinakuwa chekundu tii. Alafu ndo unakuja mtihani wenyewe, unamwaga tindikali iliyochanganywa na spiriti, na ile nyekundu yote inaondoka, seli za mgonjwa zinaachia rangi, bakteria wa kawaida wa mdomoni wanaachia, kila kitu kinaachia isipokuwa mmoja. Bakteria wa TB haachii. Ukuta wake umejaa mafuta mazito kama nta, rangi ikishapenya kwa joto haitoki tena hata umwagie tindikali. Mwisho unaweka rangi ya bluu ili vingine vyote vionekane, unatia tone la mafuta, unaweka jicho kwenye hadubini inayokuza mara 1000, na pale kwenye bluu unaona vijiti vyembamba vyekundu, vingine vimepinda kidogo, vingine vimelaliana viwili viwili.

Sasa siku moja, mwaka wangu wa kwanza kazini, nikaona kitu ambacho chuoni nilikisoma tu. Seli moja kubwa ya bluu, ile tunayoiita makrofeji, yani mlaji mkubwa katika chembe nyeupe, na ndani ya tumbo lake vijiti vyekundu vimejaa. Nilifurahi, nikamwita mzee aliyekuwa ananifundisha nikamwambia mzee njoo uone, askari amekula bakteria. Akainama akaangalia kwa muda, akaniambia mwanangu, huyo hakuliwa, huyo amehamia.

Hilo neno lake ndo barua yangu yote, Mhariri, mengine ni maelezo.

Maelezo yenyewe ni haya. Chembe nyeupe za damu sio kitu kimoja, zipo za aina nyingi, ila kwenye kazi ya kula vijidudu wakubwa ni wawili, kuna nyutrofili ambazo ni nyingi na zinafika kwanza na zinakufa haraka, hata ule usaha wa kwenye jipu sehemu kubwa ni nyutrofili zilizokufa kazini, na kuna makrofeji ambazo hazizunguki na damu, zimekaa kwenye mapafu, kwenye ini, kwenye bandama, zinasubiri. Zinavyokula ni kwamba zinamzunguka kijidudu kama unavyofumbata punje ya mahindi kiganjani, anafungiwa kwenye kifuko, halafu kifuko kingine chenye vimeng'enya vya kuyeyushia kinakuja kinaungana na kile cha kwanza, mle ndani panachachuka na kijidudu anasagika. Hivyo viwili lazima viungane. Visipoungana hakuna kilichofanyika, umemfungia mwizi chumbani ukampa na kitanda.

Aliyegundua habari ya chembe kula vijidudu ni mwanasayansi wa Urusi ya wakati ule, Elie Metchnikoff, mwaka 1882 akiwa Messina kule Italia. Alichukua vitoto vya kiti cha pweza, wale wa baharini ambao watu wa pwani mnawajua vizuri, wakiwa wachanga kabisa miili yao inapitisha mwanga kama kioo, akawachoma miiba midogo, kesho yake asubuhi akaangalia akakuta seli zimekuja zimeuzunguka mwiba. Mwaka 1908 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Na mwaka huo huo wa 1882, tarehe 24 Machi, Robert Koch alisimama Berlin akatangaza amempata bakteria wa kifua kikuu, ndo maana kila 24 Machi tunaadhimisha siku ya TB. Yani mlaji na huyu asiyelika walijulikana ndani ya mwaka mmoja.

Bakteria wana njia nyingi za kuzikwepa hizi chembe na nadhani wasomaji wenu wangependa kuzijua kuliko hizo juisi. Yule wa nimonia, nyumokoka, anavaa gamba la sukari linaloteleza, chembe inajaribu kumshika haipati pa kumshikia, kama unavyomshika kambare kwa mkono mkavu. Ile chanjo wanayochomwa watoto wakiwa na wiki 6, 10 na 14 inachofanya ni kuufundisha mwili utengeneze vishikio vya kunasa kwenye lile gamba ili chembe nyeupe iweze kushika. Mkieleza hivyo mama ataelewa kwanini arudi mara tatu. Yule wa majipu, stafilokoka, yeye anapigana, anatoa sumu zinazotoboa chembe nyeupe mpaka zinapasuka, na anaigandisha damu imzunguke kama ukuta. Wa gono anabadilisha nguo, leo yuko hivi kesho vile, mwili ukimkariri keshabadilika, ndo maana mtu anaugua gono akapona akaugua tena na tena. Wa taifodi anaingia ndani ya makrofeji na ile tindikali wala haimtishi, akiionja ndo anaanza kufungua silaha zake, halafu chembe inambeba yenyewe mpaka kwenye ini na bandama, na wengine wanaishia kwenye kifuko cha nyongo wanakaa miaka, mtu haumwi ila anaambukiza. Na brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na mbuzi ambao binadamu anaupata kwenye maziwa mabichi, naye anaishi ndani ya chembe hizo hizo, ndo sababu dozi yake ni wiki sita na sio siku tano. Ndugu zangu wafugaji mnaokunywa maziwa bila kuchemsha hili nawaombeni mlisikie.

Lakini wa TB ndo nimekaa naye miaka 31 na yeye ndo aliyeingia nyumbani kwetu.

Mtu mwenye TB akikohoa wewe unavuta hewa, vijidudu vichache vinashuka mpaka kwenye vile vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu. Pale makrofeji zipo tayari, zinamla. Yeye anakubali kuliwa, tena kwenye ukuta wake ana vitu vinavyomrahisishia kumezwa. Akishaingia kwenye kile kifuko cha kwanza anatoa vitu vya kuzuia kisiungane na kile cha vimeng'enya. Hili lilionekana London mwaka 1971, Philip D'Arcy Hart na mwenzake Armstrong waliangalia kwa hadubini ya elektroni wakaona vifuko vyenye bakteria wazima vimekaa pembeni havijaunganishwa. Pale hapachachuki vya kutosha, chakula anakipata kwa chembe yenyewe, mafuta yake anayala, na anazaana pole pole, anajigawa mara moja katika kama masaa 20, wakati bakteria wengine wa tumboni wanajigawa kila dakika 20. Hana haraka kabisa. Baadaye anakitoboa kile kifuko, chembe inakufa, na hapo ndo pananiuma mimi nikisoma habari za kuongeza askari.

Maana askari wakiongezeka nini kinatokea. Lalita Ramakrishnan na mwenzake huko Marekani walitoa kazi yao mwaka 2009, waliangalia samaki wadogo wenye milia ambao wakiwa wachanga wanaonekana ndani kama kioo, kama vile vitoto vya kiti cha pweza vya Metchnikoff, wakawaambukiza ndugu yake bakteria wa TB anayeuguza samaki, wakakaa wakatazama ndani ya mnyama mzima. Chembe moja ikifa na bakteria zake, chembe mpya zinaitwa, zinakuja mbio, zinaila ile iliyokufa pamoja na bakteria waliomo, na kila iliyokula inakuwa nyumba mpya. Bakteria mwenyewe ndo anaziita. Kwa hiyo mwanzoni mwa ugonjwa ule mkusanyiko wa chembe nyeupe ambao zamani tulifundishwa ni boma la kumfungia adui, kwake ni mtaa unaoongezwa nyumba. Baadaye mwili ukipata kuamrishwa vizuri kweli unamfungia, unajenga kifundo kinamzunguka na anaweza kulala humo miaka 20 au 30 bila mtu kujua. Kama robo ya watu wote duniani inakadiriwa wamewahi kuambukizwa na wengi wao hawataugua kamwe, ni kama 5 hadi 10 kwa kila 100 ndo wataugua maishani. Kwa mwenye VVU hali ni nyingine, kwa sababu kuna chembe nyeupe nyingine zinaitwa CD4, hizo ndo zinazoiamrisha makrofeji imalize kazi, VVU anaziua, yule aliyelala anaamka.

Kwa hiyo idadi sio tatizo. Mtu mzima mwenye afya ana chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 katika kila maikrolita ya damu, na wagonjwa wengi wa TB niliowapima walikuwa ndani ya hapo hapo, picha kamili ya damu inatoka nzuri kabisa na huku makohozi yamejaa vijiti, tunaandika misalaba mitatu, yani wengi kabisa. Anayekuuzia kitu cha kuongeza chembe nyeupe anakuuzia kitu ambacho huna upungufu nacho.

Nije kwa mdogo wangu. Yeye ni bodaboda, alikohoa kama mwezi, akawa ananunua dawa ya kikohozi dukani chupa baada ya chupa, usiku shuka linalowa jasho, suruali zikaanza kumvuka, akachukua msumari wa moto akatoboa tundu jipya kwenye mkanda, na baada ya wiki mbili akatoboa lingine. Nilipomwona nikajua. Akapimwa akakutwa nayo, akaanzishiwa dawa, vile vidonge vyekundu vinavyogeuza mkojo rangi ya chungwa, hilo halina shida ni rifampisini inapita. Wiki ya saba alikuwa mtu mwingine. Anakula, analala, mkanda umerudi kwenye tundu lake la kiwandani. Mwezi wa pili ulipoisha makohozi yakapimwa tena wakamwambia hasi.

Hapo ndo tulipompoteza. Neno hasi yeye alilisikia kama hakuna, nimepona, na hakuna aliyekaa naye kumweleza, sitaji ni wapi alikuwa anachukulia dawa maana wale ni watu wanaohudumia foleni ndefu na mikono miwili, waliishia kumwambia maliza dozi. Mi ningekuwepo karibu ningemwambia kwamba kioo chini ya hadubini hakiwezi kuonyesha kijiti mpaka kwenye mililita moja ya makohozi kuwe na bakteria kama 5,000 hadi 10,000. Wakiwa 3,000 unaandika hasi na umeandika kweli, maana hukuona. Nimeandika hasi mara nyingi sana mkononi mwangu na sikuwahi kumaanisha hakuna.

Mwezi wa tatu akakutana na mtu kijiweni anauza unga kwenye makopo, elfu thelathini kopo moja, anasema hizi dawa za hospitali ni kali zinachosha ini na ukishapona unachohitaji ni kupandisha chembe nyeupe ziweze kumalizia zenyewe. Alinunua makopo matatu. Dawa akaacha, kliniki akawa haendi, yule mhudumu wa jamii akimpigia anasema yuko safari. Nami nikimuuliza kwenye simu ananijibu, dada mi nimepona, hata wenyewe wamenipima wakasema hasi, sasa hivi nazipa nguvu chembe.

Alikuwa anazipa nguvu chembe zenye wageni ndani. Miezi minane baadaye shemeji yake ananipigia saa tisa usiku, amekohoa damu imejaa kikombe.

Mhariri, nilivyopanda gari asubuhi ile kitu kimoja tu nilikuwa nakiogopa, kwamba arudi nayo ikiwa sugu. Mtu anapokunywa dawa kidogo akaacha anawaua wale wepesi anawabakiza wagumu, na TB sugu ni safari nyingine, wengi kwa miaka wamepelekwa hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro, dawa nyingi zaidi na madhara zaidi. Makohozi yaliwekwa kwenye GeneXpert, ile mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria na usugu wake, yale masaa mawili ya kusubiri majibu niliyakaa kwenye benchi nje nikiwa sijui niombe nini. Likatoka bakteria yupo, usugu wa rifampisini haupo. Akaanza upya miezi sita, safari hii nilihamia kwake.

Na safari hii nilimweleza. Nilichukua maharage mekundu na bakuli, nikamwambia bakuli ndo chembe yako nyeupe, maharage ndo bakteria wenyewe. Hao wanaokimbia kimbia nje na kuzaana wanakufa mapema, isoniazidi inawamaliza wengi ndani ya siku za mwanzo, ndo maana unapona haraka ukajiona mzima na huambukizi tena watu baada ya wiki chache. Hawa waliomo ndani ya bakuli mahali palipochachuka kidogo wengine dawa haziwafikii vizuri, kwao ipo pirazinamidi ambayo inafanya kazi penye uchachu, ndo kazi ya ile miezi miwili ya kwanza. Halafu kuna hawa wa chini kabisa wamelala, hawali, hawazaani, na dawa nyingi zinamuua bakteria akiwa anafanya kazi, aliyelala zinampita. Huyu anaamka dakika chache tu leo, kesho amelala tena, wiki ijayo anaamka, na rifampisini inatakiwa imkute ipo kwenye damu siku hiyo na dakika hiyo aliyoamka. Wewe hujui ataamka lini. Ndo maana kila siku, ndo maana miezi minne mingine wakati unajisikia mzima.

Alinyamaza, akachambua maharage ya chini akayaweka pembeni, akasema dada mbona hawakuniambia hivi. Alimaliza dozi yote, hakuruka hata siku moja, kwenye kalenda alikuwa anachora duara kwa kalamu nyekundu kila akimeza. Pafu la kushoto limebaki na kovu, akipanda mlima anapumzika, pikipiki anaendesha.

Kuna jambo jingine ambalo kila nikikumbuka najiuliza mbona magazeti yetu hayaliandiki. Hii dozi ya miezi sita ambayo leo inatumika dunia nzima ilijulikana hapa hapa kwetu. Zamani ilikuwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, watu wanachoka wanaacha, na kuanzia 1970 madaktari wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza wakafanya jaribio kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakaonyesha kwamba ukiweka rifampisini au pirazinamidi kwenye mchanganyiko miezi sita inatosha, na waliorudiwa na ugonjwa katika waliopata rifampisini walikuwa wachache sana kulinganisha na wale ambao hawakuiweka. Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 1972. Halafu mwishoni mwa miaka hiyo ya 70 Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia, akaja kufanya kazi na mpango wa taifa wa TB na ukoma wa Tanzania, na utaratibu uliojengwa hapa wa kumsimamia mgonjwa mpaka amalize ndo uliokuja kusambazwa nchi nyingine na Shirika la Afya Duniani. Ni babu zetu na bibi zetu waliokubali kumeza hizo dawa na kupimwa makohozi mwezi hadi mwezi ndo walioufupisha huu ugonjwa kwa kila mgonjwa duniani. Na hapa Morogoro pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wapo panya buku waliofundishwa kunusa makohozi, wanakamata wagonjwa ambao hadubini imewapita, mimi mwenyewe vioo vyangu nilivyoandika hasi vingewekwa mbele yao najua wangenirudishia baadhi.

Na ugonjwa haujaisha, asije mtu akasema hizi ni habari za zamani. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 10.8 waliugua TB na milioni 1.25 walikufa. BCG tunayowachanja watoto wakizaliwa imeanza kutumika tangu 1921, inawakinga wadogo na ile TB mbaya ya ubongo na ya kusambaa mwilini, kwa mapafu ya mtu mzima kinga yake ni ndogo. Kwa hiyo kwa mtu mzima aliyekwisha kuugua kilichopo ni dawa zile, mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi.

Mhariri, sikuandika kuwagombeza. Najua mwandishi wenu alitaka kuwasaidia watu wale vizuri, na lishe ina nafasi yake kubwa, mtu mwenye njaa TB inampata kirahisi zaidi na akiwa kwenye dawa bila chakula anateseka, hilo nimeliona mara nyingi mno. Ninachoomba ni ule ukurasa urudi tena, ukubwa ule ule na siku ile ile ya wiki, ueleze bakteria anavyokaa ndani ya chembe nyeupe na kwanini miezi ni sita. Msiogope kwamba wasomaji hawataelewa. Mdogo wangu ameishia darasa la saba na ameelewa kwa maharage, na sasa kijiweni pale ndo anayewaeleza wenzake, kuna kijana mmoja tayari amemleta kliniki mwenyewe kwa pikipiki baada ya kusikia anakohoa wiki ya tatu. Watu wanaambiwa kila siku maliza dozi, maliza dozi, hawaambiwi nani amebaki ndani.

Kuwarahisishia kazi nimeweka pamoja na barua hii mchoro wa ile seli niliyoiona mwaka wangu wa kwanza, nimeuchora kwa kalamu za rangi za mjukuu wangu. Vijiti viko tisa, ndivyo nilivyovihesabu siku ile. Naomba mkiuchapa msiutoe mweusi na mweupe, maana bila ile nyekundu hakuna atakayeona kwamba ndani ya chembe kuna mtu.

Wako,
Mstaafu wa maabara,
Morogoro